Nge wa Mkono wa Kulia

Jumanne, 4 Machi

Leo wameanza kumuua nge.

Nilidhani nayajua maumivu. Nimeshang'olewa jino, nimeshamwagikiwa uji wa moto pajani. Bure kabisa! Dada wa leza alinivisha miwani myeusi, akanipaka krimu ya ganzi, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba nitahisi kama mpira wa kufungia noti unavutwa na kuachiwa juu ya ngozi. Mpira! Labda mpira uliotoka kwenye mafuta ya kukaangia. Tak, tak, tak — na kila tak ina harufu ya nywele zinazoungua, nywele zangu mwenyewe. Kwenye nyama bado unavumilia. Ikifika kwenye mafundo ya vidole, pale ngozi ilipolala juu ya mfupa, ndipo unapoona nyota mchana.

Lakini sikupiga kelele. Nimelelewa na baba kiziwi. Kwetu kelele haimleti mtu. Nikiumia, wanaolia ni mikono. Wa kulia ulikuwa umeshikwa, basi wa kushoto ukawa unasema peke yake: basi, basi, acha, nakuomba. Dada akadhani nafukuza nzi. Akafunga dirisha.

Ngozi ilipauka palepale kama imemwagiwa unga, kisha ikafura. Nge wangu wa tatuu bado yupo. Amenenepa tu, ananiangalia kama anayeuliza amenikosea nini.

Sababu naiandika hapa, nisije nikatafuta kisingizio siku ya awamu ya pili: Baba anataka kuniona kwenye televisheni. Basi. Kituo kinatafuta mkalimani wa lugha ya alama kwa taarifa ya habari ya jioni, yule anayekaa kwenye kidirisha pembeni mwa kioo. Ukalimani ndio kazi yangu, nimeufanya hospitalini, mahakamani, hata kwenye harusi ambapo bwana harusi alibadili mawazo nami nikalazimika kulitafsiri hilo. Mtayarishaji — namwita Miwani, ana miwani machoni na nyingine kichwani — alinipenda mpaka niliponyoosha kidole. Nge amelala mgongoni mwa mkono wangu wa kulia, mkia umepanda mpaka kwenye kidole cha shahada. Kila nikisema "yeye", mkia unanyanyuka. Miwani akasema watu watamtazama nge, habari wataisikia kesho. Tulijaribu vipodozi, mikono inasuguana, baada ya muda mfupi shati lote limechafuka. Tukajaribu glavu nyeusi. Nikaonekana jambazi anayetangaza bei ya mafuta.

Na macho ya Baba yanafunga. Daktari wa macho alisema yanafunga kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Hakusema lini litaziba. Madaktari wana tarehe za kila kitu isipokuwa hiyo.


Jumatano, 5 Machi

Malengelenge! Moja kubwa limekaa juu ya mgongo wa nge, limejaa maji, linatikisika nikitembea. Siwezi kukunja ngumi. Kila neno linalotaka ngumi nalizungukia kama mtu anayekwepa dimbwi.

Baba simwambii. Nataka siku moja akae mbele ya kioo na aone mkono wa binti yake ukiwa safi, ukisema habari za dunia. Siku niliyorudi nyumbani na nge, nina miaka kumi na tisa na akili za kuku, hakugomba. Alisema tu, "Mkono ndio mdomo wako. Umejipaka masizi mdomoni." Viziwi wenzake hawakuwa na neno, walinipa jina palepale, kidole kilichopinda juu ya mgongo wa mkono. Nge. Mwishowe naye akaniita hivyo. Jina likishashikwa na watu, mzazi hana ubavu.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyenibana. Amekaa nasi miaka chungu nzima na anajua alama tatu tu: kula, lala, na moja anayodhani ni "Mungu akubariki" kumbe ni "mbuzi". Hatujamwambia. Akauliza mkono umefanya nini. Nikasema pasi.

"Pasi gani hiyo inayounguza nge peke yake?"

Ikabidi nimweleze. Akasikiliza huku amekunja midomo. Akasema haya, mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini siri ataitunza. Atamwambiaje, kwa alama ya mbuzi?


Jumapili, 9 Machi

Mteja amerudisha kochi. Baba ni fundi makochi tangu kabla sijazaliwa. Karakana yake iko uani, sponji mpaka darini, misumari midogo anaibana midomoni na kuitema mmoja mmoja kwenye nyundo. Leo mama mmoja mnene amekuja na kochi juu ya mkokoteni, anacheka mpaka machozi. Mito miwili maua yametazama juu, wa tatu yametazama chini.

Nikatafsiri. Baba akatazama, akapitisha kiganja kwenye kitambaa, akajibu kwamba ndio mtindo mpya. Mama akacheka zaidi. Kisha Baba akaufumua mto na kuushona upya, nami nikamtungia uzi kwenye sindano, maana anasema sindano za siku hizi zina matundu ya uchoyo. Nilicheka. Uzee nao una visa vyake.

Jioni, kama kawaida, alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kioo cha televisheni, akamkagua mkalimani wa sasa, tunayemwita Yule Mama. Kila siku ana ripoti. "Bega la kushoto limemchoka leo. Anashusha mikono chini ya kifua, kidirisha kinamkata maneno. Wewe usifanye hivyo." Ananisahihisha kabla sijapata kazi. Nilifurahi mpaka nikasahau malengelenge.

Mwalimu wa chama cha viziwi alikuja mwaka jana kumfundisha kusikia kwa kugusa — unaweka mikono yako juu ya mikono ya anayesema, unayafuata maneno kwa viganja. Baba alimsukuma. "Mimi si kipofu. Nenda kamkamue ng'ombe." Mwalimu alinywa chai, akaondoka.


Ijumaa, 21 Machi

Miwani kapiga simu. Yule Mama anaondoka mapema kuliko walivyopanga. Majaribio ni mwezi ujao, mwanzoni. Mkono vipi? Nikasema unaendelea vizuri.

Unaendelea, ndiyo. Koleo moja la nge limekuwa la kijivu, mgongo umepata ukungu. Lakini mkia! Mkia ni mweusi kama siku ya kwanza.

Nikaenda kwa dada wa leza kumwomba aniwahishe. Akakataa katakata. Akasema ngozi yetu hii haitaki papara. Mashine inavunjavunja wino tu, mwili wenyewe ndio unaobeba taka, na mwili haukimbizwi. Nirudi mwishoni mwa Aprili. Nikamwambia kuhusu Baba. Akanishika bega, akasema pole. Pole haing'oi mkia.


Jumamosi, 29 Machi

Baba amejikwaa kwenye ndoo ya uani. Ndoo iliyokaa palepale siku zote. Akasema imehamishwa. Hakuna aliyeihamisha.

Kuna jamaa ghorofani, juu ya saluni. Ana mashine. Wanasema haulizi maswali.


Jumatatu, 31 Machi

Haulizi kweli. Aliuliza swali moja tu, mbona huyu mdudu amefifia, nikasema ni wa zamani. Uongo ukapita kama mgeni mwenye mwaliko. Alikuwa anatafuna jojo. Krimu ya ganzi alipaka na kuifuta hapo hapo, kama anayefuta meza.

Ngozi ilikuwa bado changa, ya waridi chini. Sijui niandikeje. Ile ya kwanza ilikuwa mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango. Hii ni mtu kuchukua mkono wako na kuulaza ndani ya kikaango. Alipofika kwenye mkia, juu ya mfupa wa kidole, nilipiga ukelele. Kwa sauti! Mimi! Mashine za kukausha nywele kule chini zikazimwa. Sauti yangu mwenyewe ilinitisha, nzito, kama ya mtu mwingine.

Akasema bado kidogo tu, dada. Nikasema malizia.


Jumanne, 1 Aprili

Naandika kwa kushoto. Vidole kama soseji. Homa. Mto umelowa.

Shangazi kaleta maji ya baridi, hakusema methali hata moja. Hapo nikajua hali ni mbaya.


Alhamisi, 3 Aprili

Dada wa leza aliufungua mkono, akautazama, akakaa chini. Kisha ndipo akanifokea. Nimeunguzwa, na kidonda kimeanza kutunga usaha. Vidonge, dawa ya kupaka, bandeji. Hakuna leza tena mpaka aseme yeye, na kovu huenda likabaki. "Ulitaka kumtoa nge, umemfukia," akasema. Nililia kwa mkono wa kushoto. Safari hii alielewa.

Na bado nikaenda kazini, mpumbavu mimi. Hospitali, mama kiziwi mjamzito, hana mkalimani mwingine. Nikatafsiri kwa mkono mmoja, kama mtu mwenye kigugumizi. Daktari kasema mtoto anaendelea vizuri, mapigo ya moyo mazuri. Mkono wangu ukasema hivyo hivyo. Lakini bandeji ikajigonga ukingoni mwa meza na uso wangu ukakunjamana — na kwenye alama uso ndio nusu ya neno! Mkono ukasema mzima, uso ukasema msiba. Yule mama akaanza kulia. Akashika tumbo lake. Nilichukua muda mrefu sana kumrudisha, na hata alipotoka alikuwa ananitazama usoni, akitafuta ninachomficha.

Sijawahi kumtisha mtu hivyo kazini. Naona aibu mpaka sasa.

Kwa Baba mkono wa kulia unakaa mfukoni. Naongea kwa kushoto. Anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, hata hajauliza kwa nini. Siku hizi anaitikia kila kitu.


Jumamosi, 5 Aprili

Niandike polepole. Niandike yote.

Niliingia sebuleni saa ya taarifa ya habari. Baba yuko kwenye kiti chake, pua kwenye kioo. Akahisi hatua zangu sakafuni, akaanza ripoti bila kugeuka: Yule Mama leo amejitahidi, mikono iko juu, lakini ana haraka, anameza miisho ya maneno.

Nikatazama kioo. Ilikuwa katuni. Bata wa manjano anaanguka ngazini. Mtu alibadilisha stesheni, labda Shangazi, labda umeme ulikatika na kurudi. Hakuna habari. Hakuna kidirisha. Hakuna Yule Mama. Bata anaanguka, anainuka, anaanguka tena, na baba yangu anamkosoa mkalimani.

Akaendelea. Akasema shati lake la leo ni zuri, rangi tulivu, nami nitafute la namna hiyo.

Maua yaliyotazama chini. Uzi. Ndoo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilikuwa wapi mimi?

Nikaja mbele yake, kati yake na mwanga. Nikamwuliza kwa kushoto, Baba, unaniona? Akaitikia ndiyo. Nikamwuliza, nimevaa nini? Akaitikia ndiyo.

Kisha akaelewa kwamba nimeelewa. Sijui kwa namna gani. Labda ni kwa kuwa sikuondoka mbele yake. Uso wake ukalegea. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, mbele yake hewani. Yeye! Yule wa nenda kamkamue ng'ombe.

Nikampa wa kushoto. Akaupapasa, akatikisa kichwa. "Na mwingine." Nikakataa. "Na mwingine!" Nikautoa mfukoni, nikauweka.

Alishtuka alipogusa bandeji. Akaipitia kwa ncha za vidole, taratibu, anavyopitia mshono, akauliza ni nini hiki. Na hapo ndipo nilipolazimika kumjibu kwa mkono ule ule, ndani ya viganja vyake. Leza. Mara mbili. Kituo. Nge. Wewe. Kila neno likipita kwenye kidonda. Yeye hajui kugusa, hajafundishwa. Anabana sana ili asipitwe, na akipitwa anasema rudia. Nilirudia. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Angalau kwa uso sikuwa na haja ya kujificha.

Nilipomaliza hakuniachia mikono. Akauliza nani alinituma. Alikuwa amekasirika kweli, nilihisi mikononi. Nikasema, wewe hukumpenda yule nge. Akasema, miaka ile, ndiyo. "Lakini mwaka huu wote ndiye aliyekuwa ananisaidia kukuona. Uso wako umeniondoka zamani. Mikono ya watu wengine ni moshi. Wako ulikuwa na kitu cheusi, nakifuata kinapokwenda, nashika maneno. Mwezi uliopita nacho kikaniondoka. Nikasema basi, macho yamekwisha. Sikutaka kukuambia, ungeacha mambo ya televisheni."

 Mikono yangu niliiacha ndani ya yake.


Jumapili, 6 Aprili

Nani aliyeyazima macho ya Baba? Ugonjwa, au mimi?

Najiuliza nikifagia, najiuliza nikila. Daktari hakusema lini. Huenda bomba liliziba lenyewe mwezi huo huo, bahati mbaya tu, na hata nge mweusi kama lami asingesaidia. Huenda tundu lipo bado, dogo, na mimi nimelipia kwa maumivu yangu mwenyewe ili nifute kitu pekee kilichokuwa kinapita ndani yake.

Nimemwambia Shangazi. Akakaa kitako, akasema, "Ee mwanangu, nyinyi wawili mmefichana mpaka mmepotezana." Kisha akaenda karakanani kwa kaka yake, akamshika mikono, akamfanyia alama ya mbuzi. Baba akambusu kichwani.


Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi. Miwani kaandika: majaribio leo mchana, gari litakuja kunichukua, nivae shati lisilo na mistari. Mkono vipi?

Sijajibu.

Nimefungua bandeji. Usaha umekauka, ngozi mpya inang'aa, imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Nge amebaki vipande: koleo moja la kijivu, kiwiliwili cha ukungu, nusu ya mkia. Kwa mbali, kwenye kioo cha televisheni, na unga kidogo juu yake, anaweza kupita. Naona kabisa kwamba anaweza kupita. Kovu si nge. Miwani angekubali.

Karakanani Baba ana maka peni, kalamu nene nyeusi anayochoria mistari kwenye vitambaa na mbao, wino mzito, hautoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Nimeichukua bila kumwambia.

Nimeanza na koleo. Nachora kwa kushoto, nge ametoka kama kaa aliyegongwa. Ncha ya kalamu juu ya ngozi mpya — mama yangu! Leza ilikuwa inauma na kwenda zake. Hii inakaa, inachoma, wino unaingia kwenye nyufa ndogo ndogo na kuwaka humo. Dada wa leza akiniona ataninyonga. Nimepumzika mara kadhaa, nimeuma taulo. Sasa ameenea, mweusi, mnene, kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye fundo la kidole. Napuliza akauke huku naandika.

Baba yuko karakanani, amekaa kwenye kiti kisicho na sponji, amegeukia mlango uliko mwanga. Naenda.

—

Nimerudi. Naandika mbio.

Nilisimama mlangoni kwa pembeni, jua lisinitie kivuli. Sikukanyaga kwa nguvu. Sikumgusa. Niliinua mkono, nikasema neno moja: Baba.

Hakuna kitu. Alikuwa anachagua misumari.

Nikasema tena, polepole, kubwa, mkono wote ukitembea. Akasita. Msumari ukabaki kati ya vidole vyake. Akainua kichwa — si kuelekea usoni kwangu, chini kidogo, kuelekea mkononi. Au kuelekea nuru ya mlangoni, sijui, sijui! Akatikisa kidole hewani.

"Sogea."

Nikasogea hatua moja. Akageuza shingo upande, anavyofanya kuku akitazama punje. Nikasema jina langu. Mkia haukufika kwenye ncha ya kidole, wino ulinikatikia hapo, nilishindwa kuvumilia juu ya mfupa.

"Kitu," akasema. "Kuna kitu. Kinakatika mwishoni. Rudia."

Nikamwambia angoje. Sijui kama alilishika hilo neno. Bado amekaa, uso ameuelekeza mlangoni, msumari mkononi.

Gari liko nje, linapiga honi. Simu ya Miwani inaita juu ya meza, meza nzima inatetemeka. Nimevua kifuniko cha kalamu kwa meno. Nakoleza mkia.